Bi Wylene na Malkia Aitwaye Mama Mkwe

Bi Wylene Stubbs wa huku kwetu Georgia hakupendwa kanisani, na kosa lilikuwa lake. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliposikia kwamba nyuki nao wamepatiwa chanjo, alisimama katikati ya karamu ya kuku wa kukaanga akamuuliza mchungaji sindano inaingilia tako lipi.

Mimi sikucheka. Mwezi ule nilikuwa nimechoma mizinga yangu kumi na mmoja. Ugonjwa wa kuozesha majana, yaani watoto wa nyuki, ukishathibitishwa, unachimba shimo, unatia mizinga na nyuki wake, unawasha moto. Nililia, na Bi Wylene, jirani yangu, akaniona. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: wiki iliyofuata aliagiza malkia mpya kwa posta, pamoja na sukari iliyotiwa ile chanjo. Nyuki wanaomhudumia malkia huila na kumlisha, naye huzaa majana yenye kinga. Bi Wylene alikuwa amebakiwa na mzinga mmoja tu, wa marehemu mumewe, Odell.

Lakini mzinga haukai malkia wawili. Wa zamani sharti umminye kwa vidole afe. Na huyo wa zamani Odell alikuwa amempa jina la mama yake, Eunice. Eunice mwenyewe, yule mama mkwe, alimsimanga Bi Wylene miaka thelathini: mkate wako mgumu, tumbo lako halishiki, sketi yako fupi. Kwa hiyo nilikwenda na bomba la moshi wa kutuliza nyuki kama mtu anayekwenda harusini.

Bi Wylene akamtoa Eunice, akamshika mabawa. Kisha akamgeuzageuza, asimminye.

"Minya basi, Bi Wylene," nikasema. "Si ndiyo siku uliyoiomba?"

"Niache, Clovis. Mama mkwe kafa, Odell kafa. Nikimmaliza na huyu, nyumba hii nitagombana na nani?"

Akamtia Eunice kwenye kitundu cha waya, pamoja na wahudumu sita na ile sukari. Siku nane alikwenda kila asubuhi kumtukana na kuhakikisha wamekula, kisha akamrudisha mzingani. Yule malkia mpya Bi Wylene alinisukumia mimi, na sukari iliyobaki, na fremu tatu za masega yenye nyuki, akaniambia niache kulialia.

Baridi ilipokwisha mkaguzi wa nyuki alikuja, akachokonoa masega kwa kijiti cha kiberiti, akasema hakuna ugonjwa. Bi Wylene akainamia mzinga.

"Haya, mama. Sasa niambie mkate wangu ni mgumu."

Mkaguzi alidhani Bi Wylene amerukwa na akili. Mimi nilitazama pembeni, maana safari hii aliyekuwa akilia si mimi.