Alama ya Kisima cha Busi

Mwanangu, siku niliyomcheka Mzee Ndahani naikumbuka mpaka harufu ya wino wake. Nilikuwa binti mbichi, mchoraji ramani katika kampuni ya kuchimba visima pale Miyuji. Kompyuta mpya zilikuja na mfumo endeshi mwingine, ule wa bure, na programu yetu ya kuchorea ikagoma kabisa. Nikapewa mimi kazi ya kuihamisha. Miezi mitatu nilihangaika nayo. Ilipokubali, loo, ramani ikajaa kioo kizima kwa rangi zake, nikajiona mimi ndiye mimi!

Mzee Ndahani, aliyechora kwa mkono tangu ujana wake, hakusifu. Desturi yake ilikuwa moja: mchoro mpya unalazwa juu ya wa zamani, unabandikwa dirishani, jua linaonyesha kama michoro inalingana.

"Ichape, binti yangu, tukaipime dirishani."

"Mzee wangu, hii ni kompyuta," nikacheka. "Haikosei."

Akarudi mezani kwake.

Mistari yote ilikuwa sawa. Alama za visima tu ndizo zilizosogea, upana wa punje ya mtama, kwa sababu mfumo mpya ulizipima kuanzia ukingo wa alama badala ya katikati yake. Punje hiyo, ardhini ni hatua mia na zaidi. Kule Busi, alama ilitoka kwenye udongo mgumu ikaangukia mchanga wa korongo. Mchimbaji wetu Saidi akafuata ramani yangu. Siku ya tatu kuta za shimo zikamfunika. Walipomfukua alikuwa amekwisha kufa.

Ndipo nikaibandika ramani yangu dirishani, juu ya ile ya zamani. Mzee Ndahani akasimama nyuma yangu.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

Msibani, mjane wa Saidi alinishika mkono. "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu." Nami nikaitikia, "Ndiyo, mama." Sikumwambia kwamba ramani yangu ndiyo iliyokosea. Miaka ikapita, naye akafa hajui.

Sasa wewe umetoka chuoni Chimwaga unacheka, programu yako ya michoro imekubali kwenye mfumo mpya. Hongera, tena ya dhati. Lakini usimpe mtu mchoro wa programu hiyo kabla hujauweka dirishani na wa zamani. Mkubwa akitaka kupima kazi yako, usinune. Na ukikosea, nenda ukaseme siku hiyohiyo, hata kama ni mlangoni kwa wafiwa.

Mungu akubariki mikono, mwanangu. Akujalie kusema "nilikosea mimi" wakati anayepaswa kukusikia angali hai.