Uzi Mwekundu kwenye Mguu wa Bata

Sijui kama kuna mama mwingine hapa Nairobi aliyewahi kumvua bata kwa uzi ndani ya hoteli, mbele ya wakwe, Jumapili mchana, akiwa na nguo yake ya kanisa, lakini kama yuko naomba anitafute tufarijiane, kwa sababu mimi hata leo nikiona picha ya bata kwenye kalenda ya mtu najifanya naangalia tarehe.

Wacha nianzie mahali pake. Mimi ni fundi wa mabegi ya shule, cherehani yangu iko Olympic na nyumba yangu iko Sarang'ombe, kote ni Kibera. Nilikuja kutoka Mwingi na Mwende mgongoni, nikamlea peke yangu, begi moja baada ya lingine, mpaka akamaliza uuguzi, na sasa amepata kijana anaitwa Kimani, mpole, ambaye ukiongea anakusikiliza mpaka mwisho (na hao si wengi). Shida haikuwa Kimani. Shida ilikuwa mamake. Hao ni watu wa Riruta Satellite tangu zamani, shamba la babu liligeuka ploti, ploti zikageuka gorofa, na Mama Kimani alikuwa amemwambia kijana wake wazi kwamba hatasema ndiyo wala hapana juu ya hiyo ndoa mpaka akae meza moja na huyo mama wa Kibera amwone. Mwende alinificha hiyo habari wiki mbili. Niliposikia, nilipiga pasi ile nguo yangu ya kijani mara tatu.

Ili pasiwe na nyumba ya mtu ya kukaguliwa, Kimani akasema twende hoteli ya Wachina kule upande wa Lavington, ambayo kazi yake ni bata wa kuchoma, familia nzima nzima zinaenda huko Jumapili. Nikasema sawa. Bata nawajua, shosho yangu alikuwa nao, ingawa sikuwahi kumwona mmoja akitengewa meza.

Jumamosi jioni Mwende akanikalisha chini.

"Mum, please. Kesho usiongeleshe weita vile unaongeleshanga watu wa choma."

"Kwani huwa nawaongelesha aje?"

"Mum. Ukae, ukule, usmile. Basi."

Alikuwa na sababu. Sisi watu wa choma ya Kawangware tuna kawaida yetu, na naieleza hapa kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Ukishachagua nyama yako buchani, kabla haijaenda jikoni unaiweka alama, kwa sababu nyama ikitoka machoni pako inaweza kurudi ikiwa ndogo, au ikiwa ya mtu mwingine kabisa, yenye mifupa ya mnyama aliyekufa kwa mawazo. Wengine hukata kona kwa kisu, wengine huchomeka kijiti. Mimi hufunga uzi, kwa sababu uzi ndio niko nao kila wakati. Nyama ikirudi na uzi wangu, tunakula kwa amani.

Na Jumapili hiyo, kwa kusahau tu (naapa), kile kidonge cha uzi mwekundu wa kushonea mabegi kilikuwa bado ndani ya mkoba wangu. Ule si uzi wa kushikiza kifungo. Ni nailoni, mtoto anaburuta begi lake miaka mitatu na uzi hauna habari.

Mwanzoni nilikuwa vizuri hata nikajishangaa. Meza ilikuwa ya duara, katikati kuna kioo kinachozunguka na vyakula, nikakizungusha polepole bila kumwagia mtu supu. Baba Kimani akaniuliza kama mvua imenyesha Mwingi. Nikasema kidogo. Mama Kimani alikaa upande wangu wa kulia, kitambaa kichwani, kijiti cha meno mkononi, haongei sana, lakini nilimwona akiangalia vidole vyangu, vile vina alama za sindano. Nikaviweka chini ya meza.

Halafu bata akaja. Alisukumwa kwenye kimeza cha magurudumu, mzima, na kichwa chake, anang'aa mafuta, akasimamishwa katikati yangu na Mama Kimani. Weita, msichana mwenye adabu sana, akasema, "Huyu ndiye bata wenu. Nimewaonyesha tu, sasa nampeleka jikoni akatwe, halafu nawaletea."

Moyo wangu ukasema, aa.

Akatwe jikoni? Na huko jikoni nani yuko? Na miguu yote miwili itarudi? Nilijikumbusha maneno ya Mwende, nikae, nikule, nismile, na labda ningefaulu, lakini Baba Kimani akainua mkono akasema, "Ngoja kwanza tukiombee chakula." Kila mtu akainamisha kichwa. Hata weita alifumba macho.

Baba Kimani ni mtu wa kuomba. Aliombea serikali, akaombea wagonjwa, akaombea wapangaji wake wapate kazi. Na mimi nikiwa na jicho moja wazi, bata yuko hapa, mkoba uko hapa. Nikasema ni alama ndogo tu, nani ataona? Nikavuta ncha ya uzi, nikaizungusha kwenye mguu wa bata, nikafunga fundo langu la begi, lile halifunguki. Nilipotaka kukata uzi ndipo nikakumbuka wembe nimeacha kazini. Nikajaribu kwa meno, nimeinama (mtu angeniona angedhani nimezama kabisa kwenye maombi), uzi ukakataa, na Baba Kimani, ambaye alikuwa ndio ameingia kwa wasafiri, akakatiza ghafla akasema Amina.

Weita akasukuma kimeza chake akaenda.

Uzi nao ukaanza kwenda. Kidonge kilikuwa kinazunguka ndani ya mkoba, kinalia krrr, krrr, na Mama Kimani akageuza shingo kusikiliza. Nikaona aibu, nikafunga zipu ya mkoba ili kelele iishe. Ndiyo ikaisha, kwa sababu zipu iliuma uzi, uzi ukasimama, na kule mbele bata pia akasimama. Kimeza ndicho kiliendelea.

Bata akatoka kwenye sahani yake akaanguka chini, pu! Sasa mtu mwenye akili angekaa kimya aseme hata yeye ameshangaa. Lakini fundi uzi ukimkwama mkono huvuta wenyewe bila kuuliza. Nikavuta. Na ile sakafu ya vigae ikiwa laini vile, na bata akiwa na mafuta vile, akaja. Alikuja kwa mgongo, polepole, akapita meza ya watu waliokuwa wakimwimbia mtoto hepi bathidei, wakanyamaza katikati ya jina la mtoto. Hoteli nzima ikamwangalia bata, halafu ikaangalia uzi, halafu ikaufuata uzi mpaka kwenye mkoba wangu.

"Mum," Mwende akasema.

"Ni nini hiyo?" Baba Kimani akauliza.

"Ni alama," nikasema.

Nilimwangalia mtoto wangu amefunika uso kwa viganja, nikasikia kulia. Miaka yote hiyo ya kushona ili asiwahi kuaibika mbele ya watu, na leo ni mimi mwenyewe nimemwaibisha, na kwa uzi uleule uliomlipia shule. Kama Mama Kimani angeinuka aende zake, singemlaumu. Hakuinuka. Alikuwa anaangalia taa.

Mpishi, Mchina mmoja mfupi mwenye aproni, akatoka jikoni akasimama juu ya bata.

"Nani amefunga bata?" akauliza, kwa Kiswahili kizuri tu cha hapa mjini.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Akamwinua bata, akautazama mguu, akatikisa kichwa, akamgeuza upande wa pili. Akaingiza vidole chini ya bawa akachomoa kitu, akakiinua juu tukione sote.

"Na hii ya nani?"

Kilikuwa kijiti cha meno.

Mama Kimani akarekebisha kitambaa chake, ambacho hakikuwa na shida yoyote.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Mama Kim!" Baba Kimani akashtuka. "Wakati wa maombi?"

"Sasa mimi ndio unauliza? Mwenzangu amefunga fundo zima, mimi nimedunga tu." Halafu akanigeukia. "Mama Mwende, kwani wewe hukufumba macho?"

"Moja nilifumba."

Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikukitarajia kwa mtu wa gorofa, mpaka akanishikilia bega, na hivyo vidole vyangu vya sindano akavishika juu ya meza mbele ya kila mtu. Akaniuliza mimi huenda choma gani Kawangware. Nikamwambia. Akasema hao ni wezi, atanipeleka kwingine.

Bata wa pili mpishi alimkatia pale pale mezani. "Nyinyi wote muone," alisema, na tulimwona, mimi na Mama Kimani, kisu kwa kisu, mpaka mguu wa pili.

Mwende alininunia siku nne. Niliapa mbele yake, na naapa tena hapa, kwamba sitaingia tena hoteli na uzi, na maombi yakianza nitafumba macho yote mawili. Nimeweka huo mkoba mbali kabisa. Lakini juzi Mama Kimani alinipigia simu kupanga siku ya wao kuja kwetu Mwingi na mbuzi wa mahari, tukaongea habari za magari na wageni, na kabla hajakata akashusha sauti, nadhani Baba Kimani alikuwa karibu.

"Na ule uzi," akasema, "usiuache nyumbani. Hao wachomaji wa siku hiyo hatuwajui."