Picha za kipaimara cha Neema

Leo nimempiga picha jogoo vizuri kuliko mdogo wangu.

Neema amepata kipaimara asubuhi hii, kanisani kwetu Kikatiti. Mjomba aliniazima kamera yake, betri ikiwa moja tu.

Mama alinionya tangu nyumbani: "Usije ukamaliza chaji ndani. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, na baba yako mdogo lazima anunue kitu."

Nilikuwa nimesoma kwamba ile sehemu ya kuzuia picha isitikisike inakula chaji. Nikaizima. Nilijiona nina akili.

Ila kanisani kuna giza kidogo, na mikono yangu hutetemeka watu wakinitazama.

Mchungaji akamwekea Neema mikono. Nikapiga, nikapiga.

Nje, kwenye mnada wa vitu waumini walivyotoa sadaka, jua lilikuwa kali. Baba mdogo akawashinda wote, akapata jogoo mwekundu. Nikampiga picha amembeba.

Tuliporudi nyumbani tukafungua picha.

"Mbona Neema ana vichwa viwili?" baba mdogo akacheka.

Jogoo, hata manyoya unayahesabu.

Betri imebaki zaidi ya nusu.

Neema aliangalia zote hadi mwisho. Akasema tu, "Haya, dada," akaenda kuvua gauni lake jeupe.

Mimi nimekaa na kamera mapajani. Sijalia. Pilau lipo, sijisikii kula.

Kama ulikuwepo, na simu yako ilimpata yule msichana mwenye miwani akiwekewa mikono, naomba unitumie. Hata kama umemkata miguu.