Cheti cha Bangi ya Yamna

Serikali iliporuhusu bangi hapa Ketama, milimani Moroko, afisa wa ushirika alimletea jirani yangu Yamna mbegu za kigeni.

"Mama, hii yenu ya kienyeji haiuziki Ulaya. Haina cheti."

"Yangu inaishi kwa umande, mwanangu. Hiyo yako ni mlafi wa maji!"

Akapanda yake, shamba zima.

Mwezi wa nane visima vilikauka. Mlima mzima ukanyauka, isipokuwa kwa Yamna. Afisa akarudi mbio na mnunuzi Mjerumani.

"Mama, tunaitaka. Tatizo ni cheti tu."

Yamna akaingia ndani, akatoka na karatasi ya hukumu iliyomfunga marehemu mumewe miaka saba kwa mbegu hiyohiyo.

"Cheti hiki hapa! Kina jina la shamba na muhuri wa serikali. Mnataka kipi tena?"