Mpishi anayeogopa kuambiwa asante

Saa saba na nusu mchana, Alhamisi, wachezaji wa Lwengera Rangers wanamaliza kula. Nyumba ya kambi iko Masuguru, mjini Korogwe, na jiko liko uani, chini ya bati lililotobokatoboka. Sahani zinarudi dirishani moja moja.

"Nimeshiba, mama."

"Nimeshiba."

"Leo samaki amekubali."

Fatu Sadala, ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Ikram, anapokea sahani na kuitikia kwa kichwa. Kikosi kizima kimepita mbele yake na hakuna hata mmoja aliyesema asante. Siyo kwamba vijana hawa hawana adabu. Neno hilo hapa halisemwi.

"Siku hizi timu haimfukuzi mtu," anasema, akifuta mikono kwenye khanga. "Inamshukuru."

Anayefuatilia mpira anaelewa. Mchezaji akiachwa au kocha akiondolewa, klabu inaweka picha yake mtandaoni na kuandika chini yake maneno ya shukrani. Mashabiki wakafupisha: fulani kapewa thenkyu. Lwengera Rangers wameshawashukuru makocha watatu katika misimu miwili, na mwishowe neno lenyewe likaanza kuwatia watu baridi.

"Ilianza kama mzaha," anasema winga wa timu, Ukasha. "Ukisema asante mezani, unanunulia wenzako soda. Halafu tukaanza kufungwa, mzaha ukaisha."

Wiki hii hakuna anayecheka. Timu iko nafasi ya pili kutoka mkiani. Jumamosi wanacheza nyumbani, na uongozi umeshamwambia Kocha Laurenti Shekiondo kwamba asiposhinda hiyo, basi. Sare haihesabiki.

Na humu ndani wapo wanaoamini kwamba aliyemfikisha kocha hapo ni mpishi.

Fatu ana miaka arobaini na minane. Ni Mzigua wa Handeni. Kabla ya kuja Korogwe alikuwa akipika ugali na maharage kwenye kibanda pale Kabuku, kando ya barabara ya Segera kwenda Chalinze, wateja wake madereva wa malori. Rangers walimchukua kuosha vyombo, akapanda kuwa mpishi. Kocha wa pili alipoondolewa, wa tatu akaja na mpishi wake kutoka Dar es Salaam. Fatu akaambiwa apumzike.

"Nilirudi Kabuku nikakuta kwenye kibanda changu mtu anauza vocha. Nikawa nachoma mahindi barabarani. Gari likipita, moshi machoni. Lisipopita, mahindi yanapoa."

Kwa nini kocha atembee na mpishi? Anacheka kidogo, cheko la kutoka puani.

"Kocha akiingia timu mpya haogopi mabeki. Anaogopa sahani. Anajua wapo waliompenda yule aliyetoka."

Kocha Laurenti, Msambaa ambaye familia yake iko Mkumbara, alikuja bila mpishi. Alifika na begi moja, akauliza wenyeji nani alikuwa akipika zamani, akatuma mtu Kabuku. Ndivyo Fatu alivyorudi kwenye mshahara wa shilingi laki mbili na nusu, unaomsomesha Ikram, binti yake wa kidato cha tatu.

"Siku ya kwanza akanichokoza. 'We Mzigua, usinilishe bada hapa, huo ugali wenu wa muhogo.' Nikamwambia, 'Msambaa umeshuka juzi tu milimani, unachagua nini?' Tangu hapo tukasikilizana."

Basi, ikafika ile Ijumaa, siku moja kabla ya mechi na timu ya Handeni. Wachezaji walikuwa kwenye foleni na sahani zao. Sufuria kubwa ya wali ikamteleza Fatu, mvuke ukamuunguza kiganja. Kocha alikuwa mlangoni. Aliruka, akaidaka sufuria kwa fulana yake ya mazoezi, akaiweka chini.

"Ikanitoka tu. 'Asante, kocha wangu.' Mtu amenitoa motoni, ningesema nini? Pole?"

Ukasha akajishika kichwa: "Mama Ikram! Umemmwaga mzee!" Hapo foleni nzima ikaangua kicheko. Kocha naye alicheka, lakini Fatu aliona kwamba aliacha kucheka kabla ya wenzake.

Kesho yake wakaenda Handeni, wakapigwa tatu bila. Handeni, kwao Fatu.

Waliporudi kambini kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtu fulani, na hakuna anayekubali kwamba ni yeye, alisema Mzigua amelisema lile neno makusudi, amewatengenezea ndugu zake. Siku mbili baadaye kuna wachezaji walionekana dukani wakinunua mikate na mayai ya kuchemsha. Kisha Dennis, kipa na nahodha, kijana ambaye Fatu humwekea ukoko wa wali kila siku kwa kuwa anaupenda, akasimama dirishani na sahani yake iliyojaa.

"Onja kwanza, mama," akasema.

Fatu anaeleza haya akiwa ameinamia mchele, anapepeta. Ungo unasimama.

"Nikaonja. Nilichota kwenye sahani yake mwenyewe, nikatafuna, nikameza. Alikuwa ananitazama shingo, aone kama kinashuka. Nimeambiwa chakula kina chumvi, nimeambiwa nyama ngumu. Kutazamwa shingo, sijawahi."

Dennis, akiulizwa, anaangalia chini. "Mpira una mambo yake," anasema. "Mimi ndiye niliyefungwa zile tatu. Usingizi sikupata."

Mama huyu haogopi njia ya kurudi Kabuku. Ameshaipita. Anachoogopa ni kutoka na jina.

"Kazi ikikatika, nitachoma mahindi. Lakini mpishi akisemwa kwamba ana mkono mbaya, nani atakula mahindi yake? Kocha akiondoka Jumapili, watasema ni mimi. Na huyo atakayekuja, kitu cha kwanza atakachosikia ni hicho."

Ijumaa jioni anampelekea kocha chai chumbani. Kocha Laurenti, mtu wa miaka hamsini na tano mwenye sauti iliyokauka kwa kupiga kelele uwanjani, amekaa kitandani. Nguo zake zote ziko ndani ya begi. Misumari ya ukutani iko mitupu.

"Kocha, lile neno," Fatu anaanza. "Lilinitoka bila kukusudia."

"Mama Ikram, neno lako lingekuwa na nguvu hiyo, ningekutuma ukamshukuru mshambuliaji wao."

Wote wanacheka. Kocha anapokea kikombe, anakiweka sakafuni kando ya begi.

"Begi umelifunga, kocha?"

"Sijalifungua tangu Handeni."

Jumamosi Fatu haendi uwanjani. Hajawahi kwenda. Mechi anaisikiliza kwa masikio akiwa jikoni, kwa kuwa uwanja hauko mbali. Bao la Rangers, anasema, lina mlio mmoja mrefu. Bao la wageni ni watu wachache wanapiga kelele, halafu kimya.

Kipindi cha kwanza mlio mrefu unakuja. Edna, muosha vyombo, anacheza na mwiko mkononi. "Amebaki! Mzee amebaki!"

"Nyamaza kwanza," Fatu anamwambia. "Nyamaza, nisikie."

Kipindi cha pili kinakwenda. Edna anasugua masufuria taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Jua limeshageukia upande wa mtaa wa Manundu, mechi inaelekea ukingoni, ndipo wanasikia watu wachache wakipiga kelele. Halafu kimya.

Fatu anafunika wali.

Sare ya bao moja kwa moja. Usiku ule wachezaji wanakula wakitazama sahani zao. Kocha anamaliza chakula chote, anarudisha sahani mwenyewe. "Nimeshiba, Mama Ikram."

Jumapili asubuhi hakuna mazoezi. Viongozi wako kikaoni katikati ya mji. Kocha hana pa kwenda, anavuta kigoda, anakaa uani na wanawake, anachukua kisu na kumenya viazi. Anamenya vizuri, ganda jembamba. Fatu anamtania kwamba Wasambaa hawajui kingine zaidi ya viazi.

Simu ya Edna inalia mara moja. Anaitazama, kisha anaifunika kwa khanga.

Kocha haachi kumenya. "Ni mimi?"

Edna anazidi kuifunika simu.

"Nionyeshe, mwanangu."

Ni picha ya siku aliyotambulishwa, amevaa kofia ya klabu, anacheka. Chini yake uongozi unamshukuru kwa mchango wake na kueleza kwamba wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili.

"Upande wa pili uko hapa unamenya viazi," Fatu anasema.

Kocha anaitazama picha. "Picha nzuri," anasema. Anamrudishia Edna simu, anamaliza kiazi kilichokuwa mkononi, anakitumbukiza kwenye beseni la maji. Ndipo anapoinuka.

Katibu wa klabu, Raymond, anasema kwa simu kwamba taratibu zote zilifuatwa. "Barua ndiyo ilichelewa kumfikia. Mtandao una haraka kuliko sisi."

Kocha anapotoka na begi lake, wachezaji wamesimama uani, hakuna anayejua aweke wapi mikono. Fatu anamletea chapati, zimefungwa kwenye gazeti, za kula njiani. Kocha anafungua hapo hapo. Anakata moja katikati, nusu anatia mdomoni, nusu anamnyooshea Dennis.

"Shika. Kula. Na huyu mama usimtazame shingo tena."

Kumbe alijua. Dennis anapokea, anatafuna, machozi yanamtoka huku anatafuna.

Kisha kocha anamgeukia mpishi. "Haya, Mzigua. Lile neno sasa unaweza kulisema. Limeshaniuma, halina meno tena."

Fatu anazifunga upya chapati zilizobaki kwenye gazeti.

"Zile zingine ule zikiwa moto," anamwambia. Kocha anacheka, cheko lote safari hii, na kutoka getini kuelekea stendi.

Siku tatu zinazofuata Fatu anapika kama mtu anayepika kwenye nyumba ya watu. Kila gari linaloingia analichungulia. Kocha mpya anatoka Morogoro. Kuna anayesema anakuja na watu wake, mwingine anasema watu wake wameshafika, wamelala gesti. Katibu akiulizwa habari ya mpishi anajibu, "Hilo ni la benchi la ufundi."

Jumatano mchana kocha mpya anafika. Ni kijana kuliko yule aliyeondoka, shati limepigwa pasi, na mkononi ana chupa yake ya chai. Fatu anaiona chupa hiyo kupitia dirisha.

"Edna," anasema polepole, "mtu anayetembea na chai yake."

Wanaketi. Wali, samaki, mchicha. Kocha mpya anatazama sahani. Fatu amesimama mlangoni, kiganja chenye kovu amekificha ndani ya khanga, tayari kuitwa aje aonje. Haitwi. Kijana anakula. Anakula mpaka samaki anabaki mfupa, ananawa, anainuka na kuja dirishani na sahani yake mkononi.

"Mama," anasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "asante sana."

Vijiko vinasimama. Ukasha anafumba macho. Katibu Raymond peke yake ndiye anayeendelea kutafuna. Kocha mpya anatazama huku na huku, hajui amevunja nini. Anarudi kukaa.

Dennis anaacha chakula, anakuja dirishani, ananyoosha sahani. "Mama, niongeze ukoko," anasema. Anapewa. Anaula pale pale amesimama, bila kumtazama mtu.

Wachezaji wanapokwenda kupumzika, Fatu anakaa kwenye kile kigoda cha uani. Hajui. Huenda kijana ameshukuru chakula, kama watu wanavyoshukuru chakula mahali pengine popote. Huenda ameshaambiwa habari za mkono mbaya, na neno hilo ndilo barua ya Fatu ya kuachishwa kazi. Mpishi hawekewi picha mtandaoni.

Hamuulizi katibu. Anavuta beseni karibu, anamimina maharage ya kesho, anaanza kuchambua mawe.

"Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa hapa, nitawasha moto, nitapika chai," anasema. "Akiimimina kwenye ile chupa yake, nitajua lile neno lilikuwa la chakula."