Kamati ya Kunitosa Mtoni

Nauza mapazia Kariakoo, na sioni kwa nini muuza mapazia asizamie mtoni. Nilisema hivyo dukani kwangu, kwa sauti, majirani wakisikia, na hapo ndipo nilipoharibu. Kariakoo ukisema jambo kwa sauti, kabla hujafunga mdomo limeshapata kamati.

Aliyenifundisha kuzamia ni mdogo wangu. Kazi yake ni kukwangua matumbo ya boti pale Feri, mtungi wa hewa mgongoni. Siku moja alichoka kunisikia nikilalamikia magoti, akanitia baharini, akaniambia huko chini magoti hayana kazi. Weee! Mama mzima, nina wajukuu, nikawa naelea bila maumivu. Baadaye akaniambia ipo raha nyingine kubwa zaidi: kuzamia kwenye mto unaokimbia. Huogelei. Unajiachia, maji yanakubeba, mawe na samaki vinapita mbele yako kama umekaa dirishani kwenye treni, halafu unaibukia mbali kabisa na ulikoingilia. Mto wenyewe alikuwa nao kichwani, wa kasi lakini maji yake safi wakati wa kiangazi. Mamba je? Wenyeji walimwambia mamba hawaipendi kasi ile. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Mume wangu hakutaka hata kusikia. Ni mtu wa Moshi, anauza kamba na maturubai mtaa wa pili kutoka dukani kwangu, na maji kwake ni ya kunywa na kuoga tu. Tukipanda kivuko kwenda Kigamboni anasimama katikati kabisa, kafumba macho mpaka ng'ambo.

"Ukifa huko, mimi msibani siji," aliniambia.

Nikamjibu afadhali, nitazikwa bila kununiwa. Tangu hapo tukawa tunaongea mambo ya umeme na gesi tu.

Kamati ilikutana dukani kwangu Jumapili alasiri, watu wamekalia marobota ya vitambaa. Mwenyekiti alikuwa jirani yangu muuza masufuria, mtu ambaye hajawahi kuona jambo lisilohitaji mwenyekiti. Wajumbe ni wale wale walioozesha watoto wa mtaa mzima, na jamani, wao shughuli zote duniani wanaziendesha kwa mtindo mmoja: sendofu. Binti anaagwa kwao, watu wanakula, wanacheza, wanapiga picha, wanalia kidogo. Akishapanda gari, kazi yao imeisha. Huko anakokwenda kuna kamati ya upande wa pili.

Basi tukaanza na sare. Zambarau au kijani? Vikao viwili vizima! Kuna mama mmoja alipendekeza nami nivae mtandio wa zambarau juu ya miwani ya kuzamia, nisije nikaonekana sina watu. Ikaja zamu ya emsii, ikaja ya muziki, ikaja ya biriani au pilau, na hapo nusura watu washikane mashati.

Kila kikao mdogo wangu alinyoosha mkono. "Jamani, kule chini, mwisho wa safari, tutapokelewa na nani? Mimi na dada wote tutakuwa ndani ya maji. Pale tunapoibukia pana kona, maji yanapoa kidogo, lakini mbele yake ni mawe matupu. Asipokuwepo mtu wa kututoa pale konani, tumepitiliza."

"Hoja nzuri sana, kijana," mwenyekiti alisema. "Tuiweke kwenye mengineyo."

Mengineyo huja mwisho wa kikao, na kila kikao sinia la chakula liliwahi kabla yake.

Niliogopa, nisiseme uongo. Usiku nilikuwa nayasikia yale mawe. Lakini sare zilishakatwa, tena kitambaa kimetoka dukani kwangu. Ningerudi nyuma kwa uso gani?

Kikao cha mwisho mwenyekiti akasoma taarifa yake kwa madaha. Akafika kwenye boti. Mdogo wangu, baada ya kuchoka kusubiri mengineyo, alikuwa ameikodi mwenyewe boti hiyo itusubiri kule konani. Kamati, kwa busara zake, imempa mpiga picha, ili aninase kutoka mbele nikiruka.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utakuwa umeshaingia, dada," akanijibu kwa upole kabisa.

Makubwa! Nilitaka kumrushia robota. Kabla sijainuka, nikasikia sauti mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama pale. Eti amefuata ufunguo.

"Mkishamtosa," akasema, "anamtoa nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Shemeji, hilo lipo kwenye mengineyo."

"Basi andika mimi. Na boti irudi konani."

Watu walicheka, maana habari za kivuko zinajulikana mtaa mzima. Nami nilicheka. Halafu nikamwangalia, nikaona yeye hacheki.

Siku yenyewe, kule juu tulikoingilia mtoni kulikuwa na maturubai, spika, na zambarau mpaka macho yanauma. Emsii akanitangaza, vigelegele vikapigwa, nikaingia mtoni na mdogo wangu. Na ile raha aliyoniahidi, wallahi, niliipata yote. Nilipita juu ya mawe kama sina uzito.

Tukaibuka konani. Boti haipo.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mwenyekiti alimpigia simu mwenye boti apande juu mara moja, picha moja tu, kamati nzima ndani ya boti. Wakati ule sikujua chochote. Niliona maji yananivuta, nikasikia mawe yananguruma mbele, moyo ukanilipuka paa! Mdogo wangu alinishika mkanda, lakini naye alikuwa anavutwa vilevile.

"Huku! Mama, huku!"

Mume wangu alikuwa ndani ya mto, maji yamemfika kifuani. Kamba ya dukani kwake kajifunga kiunoni, ncha nyingine kaifunga kwenye mti ukingoni. Kamba ya pili akaturushia. Mara ya kwanza ilipita mbali, akaivuta, akarusha tena, nikaidaka. Alituvuta huku anatukana kwa Kichaga, lugha ambayo huitumia akiwa ameshikwa pabaya, na muda wote ule macho hakuyafumba.

Picha za siku ile zimejaa kwenye simu za mtaa mzima: mimi nikiruka, biriani, mwenyekiti kwenye boti. Ya pale konani hakuna hata moja. Tulikaa matopeni, yeye anatetemeka kuliko mimi.

"Ungekuja msibani?" nikamuuliza.

Alinishika mkono, yeye ambaye mbele za watu hata begi langu habebi, na hakuuachia mpaka tulipofika Kariakoo.