Wageni Wasiojaza Fomu

Ulikuwa mwaka wa ugali wa muhogo. Tembo walitoka hifadhini mahindi yakiwa bado mabichi, wakala, wakakanyaga walichoshindwa kula, na kijiji chetu kizima cha Robanda tukarudi kwenye muhogo na mlenda mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria. Mwaka huohuo mjukuu wangu alifungua tovuti.

Mimi nilisoma mpaka kuandika jina langu, nikaishia hapo. Lakini binti huyu nilimlea mwenyewe, na ana akili kuliko ukoo mzima wa babu yake. Nasema hivyo mbele yao na hakuna aliyewahi kunibishia. Kambi ya watalii aliyofanyia kazi ilipunguza watu, akarudi nyumbani. Akakandika vibanda viwili kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akapiga picha, akaziweka mtandaoni: mgeni aje alale kwetu, asage ulezi kwa jiwe, akamue ng'ombe. Anayetaka anajaza fomu humohumo kwenye simu. Akaniambia wazi, "Bibi, wasipojaza kabla ya mvua, mimi naenda Mwanza kutafuta kazi."

Tangu siku hiyo sikutulia. Naota moto, nauacha, nakwenda zizini, narudi, namkuta ameikodolea simu.

"Wamejaza?"

"Wanaingia wengi, bibi. Wanaangalia picha, wanafungua fomu, wanatoka."

"Kama mbuzi mlangoni. Anachungulia, anaacha mavi, anakwenda zake."

Alicheka kidogo tu. Fomu ilikuwa inauliza mambo mengi: pasipoti, umri, magonjwa, nani amekuambia habari zetu. Akaipunguza, ikabaki jina, simu na siku ya kuja. Kile kitufe cha kutuma akakipaka rangi nyekundu kama nyanya. Wakaendelea kuchungulia. Nami kila nikipita: wamejaza? Mpaka akasema, "Bibi, unaniuliza kama vile mimi ndiye ninayewakataza."

Siku moja mtu wa Ulaya, badala ya kujaza, akaandika ujumbe. Hapo anaishi nani? Nitajuaje kuwa ni familia ya kweli? Mjukuu wangu aliruka kutoka kwenye kigoda. Kumbe ndicho kinachowafukuza, akasema, hawatuamini. Akataka nikae mlangoni na watoto wote wa boma atupige picha, na chini ya picha, juu kidogo ya fomu, aandike nina watoto wangapi na wajukuu wangapi.

Picha nilikubali. Nilivaa kitenge kipya, nikajipaka mafuta, nikakaa. Alipomaliza kupiga akaniuliza, kidole kiko tayari, "Haya bibi, umezaa wangapi?"

"Andika nimezaa."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Bibi, wengi si namba."

Kwetu mtu hataji idadi ya watoto wake, kama asivyotaja ya ng'ombe wake. Ukiitaja umekionyesha kifo mlango. Mama mkwe wangu alipoulizwa na karani wa sensa alimpa kiti, akamwambia, "Wapo. Kunywa uji." Na mimi nimezaa, na nimezika. Nikitaja walio hai tu, nimewafuta waliolala nyuma ya nyumba. Nikitaja wote, nimemdanganya mgeni kabla hajafika. Nikamwambia, "Watoto wa nyumba hii hawahesabiwi."

"Basi wewe ingia ndani, nitahesabu mwenyewe."

Akasimama mbele ya watoto, akamnyooshea kidole mdogo wao, midomo imeshaanza kucheza. Niliukamata ule mkono nikaushusha.

"Andika kingine," nikasema. "Andika bibi anasaga, anapika, anang'ata."

Hakucheka. "Mvua hiyo inakuja, bibi. Unataka niende?"

Sikutaka. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutambaa, na akiondoka yeye sijui nitamsema nani asubuhi. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa hifadhi. Alikuwa ananitazama, simu mkononi, anangoja namba moja tu kutoka kinywani mwangu. Naye yumo ndani ya namba hiyo. Nikamwambia:

"Watoto wa nyumba hii hawahesabiwi."